Mapazia ya Gonda Roskam

Gonda Roskam aliandika vitabu vitatu, na mji wa Zutphen ulivisoma vyote, hasa kwa kujitafuta ndani yake. Mwenye duka la sabuni alijikuta kwenye kitabu cha pili, mwanzoni kabisa, ana pua ndefu na tabia ya kulamba kidole kabla ya kumfungia mteja mzigo wake. Tangu siku hiyo akawa anamuuzia Gonda sabuni zilizopasuka. Gonda alizinunua bila kulalamika, maana pua ile ilikuwa imemfaa sana.

Hakuwa mwandishi mkubwa. Magazeti ya Amsterdam yalimtaja mara chache, kwa sentensi fupi, chini kabisa, karibu na matangazo ya mbegu za maua. Lakini alikuwa mwandishi, na katika mji mdogo kando ya mto hilo lilitosha kumfanya mtu asimamishwe sokoni na kuulizwa, "Bi Gonda, kingine lini?" Naye alijibu, "Kinakaribia." Alisema hivyo vita vilipokwisha, akasema hivyo daraja lililolipuliwa lilipojengwa upya, akaendelea kusema hivyo mpaka watu wakawa wanauliza kwa adabu tu, kama unavyomuuliza mtu habari za goti lake bovu.

Hakuolewa. Aliwahi kuchumbiwa na karani wa reli, lakini karani akahamishiwa Groningen, na mapenzi yakapungua kwa kadiri ya kilomita. Akabaki katika nyumba nyembamba ya matofali aliyoachiwa na wazazi wake, yenye dirisha moja kubwa la sebule linaloelekea barabarani. Mapazia ya dirisha hilo, kama ya nyumba zote za mtaa ule, yalikaa wazi tangu asubuhi mpaka watu wanapopanda kulala. Mpita njia anakuona unakula, anakuona unasoma gazeti, anakuona unasinzia mdomo wazi, nawe unamwacha akuone, maana huna la kuficha. Nyumba iliyofunga mapazia mapema ina maiti ndani, au ina watu wasiotaka kuonwa, na yote mawili hayahitaji mgeni.

Uhai wa Gonda, ukiniuliza mimi, ulikuwa Alhamisi. Siku zote nyingine zilikuwa za kungojea.

Alhamisi jioni walikutana wanne, kwa zamu, kila wiki nyumbani kwa mwingine. Alikuwepo Evert Haverkate, mwalimu wa historia, aliyeandika makala ndefu kuhusu madaraja na ambaye aliogopa kengele za milango kiasi kwamba alisimama nje akikohoa mpaka mtu amsikie. Alikuwepo Lubbers mfamasia, aliyemwandikia mke wake mashairi ya mapenzi na kuwasomea wenzake kwanza, ili yakiwa mabaya mke asiumie. Na alikuwepo Roelina Oldenkamp, mshairi, mrefu kama mlingoti, mwenye kicheko kilichowafanya mbwa wa jirani wabweke. Huyo alitoka Lochem, mji wa pili kwa treni. Waliketi, wakanywa kahawa, kila mtu akapewa biskuti moja, kopo likafungwa. Kisha wakasomeana walichoandika wiki ile, wakachambuana bila huruma, na Gonda akaenda kulala mashavu yakiwa ya moto.

Kati ya hao wote, Roelina ndiye aliyekuwa wake. Wenzake wawili wangeweza kumweleza kosa lake, lakini Roelina alikuwa analisikia kabla Gonda hajalisoma. "Hapo umedanganya, mwenzangu," angesema katikati ya ukurasa, na Gonda angejua ni kweli. Hakuna mtu mwingine duniani aliyewahi kumsikiliza namna hiyo.

Ndiyo maana ni Roelina aliyeambiwa. Siku moja ya mvua walikuwa wanatembea kandokando ya mto chini ya mwavuli mmoja, Gonda akasema, bila kugeuza shingo, kwamba maneno yamemkauka. Anakaa mezani, anatazama karatasi, karatasi inamtazama. Hakuna kitabu cha nne. "Usimwambie mtu," alisema. Roelina akamkamata mkono akasema hatamwambia mtu.

Ukaja mkesha wa Mtakatifu Nikolasi. Mkesha ule kila mtu huvuta kijikaratasi chenye jina la mwenzake, humtafutia zawadi ndogo, na humtungia shairi la kumtania. Shairi linatiwa sahihi ya Mtakatifu, mtunzi anajificha, na anayetaniwa ndiye analisoma mwenyewe kwa sauti mbele ya wote. Kukasirika ni mwiko. Ukinuna mkesha ule utanuniwa mwaka mzima.

Lubbers alisoma lake, lilihusu kipara. Evert akasoma lake, lilihusu kengele. Wote wakacheka mpaka wakapaliwa. Kisha Gonda akafungua zawadi yake, mkate wa tangawizi, akasimama akasoma:

Bi Gonda ana tanuri, mkate anaupika,
Siagi twaisubiri, na visu vimenoleka,
Kumbe hakuna habari, moto ulishazimika,
Sasa tufunge safari, maana njaa yawaka.

Alilisoma lote, sauti haikutetemeka. Alipofika mstari wa tatu alijua ni la nani. Evert asingeweza kutunga vina kama vile hata angefungwa kamba, na Lubbers hakujua kuhusu moto. Mtu mmoja tu alijua kuhusu moto. Akainua macho, akamwona Roelina amekwisha kuacha kucheka, amekuwa mweupe kama bakuli.

"Vizuri," Gonda alisema. "Vina vimekaa." Akala kipande cha mkate wa tangawizi, akasema ahsante kwa Lubbers, mwenyeji wa jioni ile, akavaa koti.

Alhamisi iliyofuata hakwenda. Evert alikuja, akakohoa mlangoni, Gonda akamwambia ana kazi, kitabu kinakaribia. Akaja tena na salamu za Roelina, akaambiwa vile vile. Hakuja mara ya tatu. Watu wa kule hawakufukuzii ukitaka kukaa peke yako. Wanaiita heshima, na pengine ni heshima kweli, lakini mtu anaweza kufa nayo.

Basi miaka ikapita, zaidi ya kumi, kila mmoja akimngojea mwenzake. Siku ya mazishi ya Lubbers, Gonda na Roelina waliketi ncha mbili za ukumbi mmoja, kila mmoja akichunguza kikombe chake cha kahawa kana kwamba marehemu yumo ndani. Kalenda ya siku za kuzaliwa ya Gonda, ambayo kama kila mtu aliitundika chooni, ilikuwa na jina la Roelina mwezi wa Machi. Hakulifuta. Mwezi wa Machi ukawa mwezi mrefu, maana choo hakikwepeki.

Na asubuhi zote hizo Gonda aliketi dirishani na mashine yake ya kupiga chapa. Aliketi hapo kusudi, ili mtaa umwone. Vidole vilikuwa vinakwenda. Aliandika bei ya karoti. Aliandika jina lake. Aliandika zaburi alizofundishwa utotoni, na hadithi ya paka wa jirani aliyekuwa amekaa tu. Saa sita alizitupa karatasi zote jikoni, kwenye moto. Watu waliopita na baiskeli walisema, "Bi Gonda yuko kazini," naye aliwasikia, na moyo ulimuuma kwa upweke mpaka mara nyingine alilazimika kushika ukingo wa meza.

Vuli ya mwaka wa hamsini na saba alikuwa anatimiza miaka sabini. Siku chache kabla, alikutana na Evert sokoni mbele ya mwuza samaki. Evert alikuwa mzee sasa, masikio yameota nywele.

"Sabini, siyo?" Evert aliuliza akitazama samaki.

"Ndivyo wanavyodai."

"Utakuwepo nyumbani jioni?"

"Nitakuwa wapi, Evert? Kwenye dansi?"

Mwuza samaki akacheka. Evert akawa mwekundu. "Mimi nauliza tu. Maana... huenda nisije peke yangu."

"Mlango ni ule ule," alisema Gonda.

Alitembea mpaka nyumbani na kichwa cha kabichi alichosahau kukilipia, ikabidi arudi. Huenda nisije peke yangu. Evert hakuwa na mke, hakuwa na mbwa. Angekuja na nani? Siku ya kuzaliwa kule hualiki mtu. Walio wako wanaijua tarehe, wanakuja saa mbili usiku, na wasiokuja umewajua. Roelina alikuwa akija kila mwaka, zamani. Sasa Gonda aliogopa kulitamka jina lile hata jikoni peke yake, lakini alioka keki mbili badala ya moja.

Viti vilikuwa vitatu tu. Akavuka barabara kwenda kwa jirani yake Jantina Stegeman, mwanamke mnene mwenye moyo mwema na macho yasiyopitwa na kitu.

"Viti vinne?" Jantina alishangaa. "Bi Gonda, unafungua sinema?"

"Nina wageni."

"Wageni! Wale wa vitabu?"

"Wale wa vitabu."

"Haya, kimojawapo kiwe kile cha mume wangu, yeye amelala na kifua chake, hatakitumia. Nami wakishaondoka, asubuhi yake nitakuja kunywa kahawa unisimulie yote. Na usinifiche kitu, maana nitakuwa nimekwisha kuona."

Siku yenyewe asubuhi ilileta posta kidogo na mkunga wa zamani wa mtaa, aliyekaa dakika chache. Jioni ikaja na ukungu. Gonda alipanga viti duara, kama inavyopasa, ili kila anayeingia aweze kuzunguka akimpa mkono kila mmoja na kumpongeza, mwenye siku na rafiki zake na jirani zake, kana kwamba wote wamezaliwa siku moja. Akaweka vikombe, akaweka vijiglasi vya kileo cha mayai, kizito kama uji, pamoja na vijiko vyake, akavaa gauni la bluu lenye kola. Akawasha taa zote. Akaketi kwenye kiti chake, mgongo wima, uso mlangoni.

Saa mbili ikalia kanisani.

Kule watu hawachelewi. Ukisema saa mbili, saa mbili inapolia mkono wako uko kwenye kengele. Dakika tano ni ajali ya baiskeli. Robo saa ni ujumbe. Gonda aliketi akiangalia mlango, na robo saa ikapita, na kahawa ikaanza kunuka kuungua. Wapita njia walikuwa wanatoka kazini na kanisani, na kila mmoja aligeuza kichwa kidogo, kama ilivyo desturi, akaona sebule yenye taa kali, viti vilivyopangwa duara, na bibi kizee mmoja aliyevaa vizuri ameketi katikati. Kijana wa mwoka mikate alipita na baiskeli, akapunguza mwendo, akatazama, akaenda. Ng'ambo, kivuli cha Jantina kilisimama dirishani.

Hapo Gonda aliona aibu ya ajabu. Hakuwahi kuiona aibu kama ile, hata siku ya shairi. Siku ile walikuwa wanne. Sasa mtaa mzima ulikuwa unamsoma, na yeye hakuweza kuufunga ukurasa. Alijua kesho dukani watasemaje. Masikini Bi Gonda, na viti vyote vile.

Akasimama, akaenda dirishani, akafunga mapazia.

Ikawa nafuu mara moja. Akaketi tena. Akala kijiko kimoja cha kileo cha mayai, kisha cha pili. Alifikiri juu ya Evert, akamtukana kimoyomoyo kwa kumpa matumaini ambayo hakuyaomba. Alifikiri juu ya Roelina, na hakuweza kumtukana.

Baadaye kidogo alisikia nyayo. Zilikuja polepole kwenye mawe ya barabara, zikasimama mbele ya dirisha lake. Gonda akajua ni Jantina, amevuka kuja kuchungulia kama kuna sauti za wageni ndani. Akashika pumzi. Hakutaka kijiko kigonge glasi, hakutaka kiti kilie, asije jirani akajua kwamba hakuna mtu. Mtu alinong'ona nje. Mtu mwingine akanong'ona. Gonda alikaa kimya kama mwizi ndani ya nyumba yake, mikono magotini, mpaka nyayo zikaondoka.

Alikula keki amesimama, kipande kimoja, akapanda kulala.

Asubuhi alivirudisha viti kwa Jantina, viwili viwili. Alikuwa ametunga la kusema: wageni walipata mafua. Lakini Jantina alimwahi mlangoni, taulo mkononi, uso umejaa maneno.

"Sasa Bi Gonda, kwa nini uliwafanyia vile wale wazee?"

"Wazee gani?"

"Wako! Mwalimu Haverkate na yule mama. Mrefu, ana fimbo, anatembea kwa shida huyo, nyonga sijui. Nadhani treni ilichelewa kwa huu ukungu. Walisimama hapo mbele ya dirisha lako, masikini, na maua. Mwalimu akanyanyua mkono kwenye kengele, akaushusha. Akanyanyua, akaushusha. Nilitaka kufungua dirisha niseme bonyeza tu, lakini nikajiambia, Jantina, ulimi wako. Bi Gonda kafunga mapazia, ana sababu zake. Nani atampigia kengele mtu aliyefunga mapazia?"

Gonda akaketi kwenye kiti alichokuwa amekibeba, pale pale ukumbini.

"Mama yule," alisema. "Alisema nini?"

"Sikusikia. Ila nilimwona anatikisa kichwa. Kisha wakaenda, na maua akamwachia mwalimu. Bi Gonda? Nikuletee maji?"

Hakutaka maji. Alirudi nyumbani, akaketi dirishani mbele ya mashine, lakini siku hiyo hakuigusa. Roelina alikuwa amekuja. Na nyonga mbovu, kwenye ukungu, baada ya miaka yote ile. Alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwenye kiti alichoandaliwa, na yeye Gonda alikuwa ndani ameshika pumzi. Alilia, na mapazia yalikuwa wazi, na hakujali.

Angeweza kumwandikia. Angeweza kumwomba Evert apeleke neno, na Evert angekohoa na kusitasita wiki tatu. Kwenda nyumbani kwa mtu bila kumpa taarifa, bila kupanga siku, Gonda hakuwahi kufanya hivyo maishani mwake, na alishindana na nafsi yake mchana kutwa. Alivaa koti akalivua. Alivaa tena akaenda kulisha kuku wa jirani ambao hawakuwa wake. Jua lilipokuwa linazama ndipo alipopanda treni ya Lochem, na kwa hiyo akafika katika saa mbaya kuliko zote.

Saa kumi na mbili jioni nchi nzima inakula. Mgeni aliyekaa tangu alasiri anainuka, anachukua kofia, hata kama mazungumzo yamenoga, maana viazi vilihesabiwa asubuhi kwa idadi ya vinywa vya nyumba. Hakuna anayebisha hodi saa hiyo isipokuwa polisi na zimamoto. Gonda alisimama mbele ya nyumba ya Roelina, akamwona kupitia dirishani, ameketi peke yake chini ya taa, amefunga kitambaa cha kujifutia kifuani, anamimina mchuzi kwenye sahani. Nywele zilikuwa nyeupe zote.

Gonda angeweza kuzungukazunguka mtaani mpaka aone sahani zimeondolewa. Miguu ilikwisha kugeuka. Kisha akamkumbuka Evert, mkono juu, mkono chini, akakasirika kwa niaba ya wote wanne, marehemu akiwemo. Akabonyeza kengele kwa nguvu.

Roelina alichukua muda kufika mlangoni. Aliufungua, akatazama, na kitambaa kilikuwa bado kifuani.

"Ninakula," alisema.

"Naona."

"Umekuja saa ya chakula, Gonda Roskam."

"Ndiyo. Nipe na mimi."

Roelina alimtazama kana kwamba ameombwa nyumba. "Nimepika viazi viwili tu."

"Kimoja kitanitosha."

Walitazamana. Kisha kile kicheko kikatoka, kimechoka kidogo, kina mikwaruzo, lakini ni kile kile, na mbwa mahali fulani mtaani akabweka. "Ingia, mwendawazimu wewe, unanipotezea joto."

Ndani, Gonda alisimama. Kuta zilikuwa tupu. Rafu za vitabu zilikuwa tupu. Kulikuwa na masanduku ya mbao yaliyofungwa kamba, yamepangwa mpaka dirishani, na juu yake yameandikwa kwa rangi nyeusi jina la Roelina na neno KANADA.

"Mtoto wa kaka yangu," Roelina alisema, akimchotea kiazi kimoja na nusu ya karoti zake. "Ana shamba huko, ana watoto, anasema kuna chumba. Hii nyonga haiwezi ngazi tena, na mimi siwezi kuishi na wazee wa nyumba ya wazee, wananuka supu. Meli inaondoka Rotterdam Jumamosi. Keti basi, kiti si kinakungoja."

Gonda aliketi. "Jumamosi hii?"

"Hii. Jana nilikuja kukuaga. Na kukuomba radhi, nilikuwa nimejiandaa njia nzima kwenye treni, nimepanga maneno mazuri kweli. Tukakuta umefunga. Evert akaniambia, 'Amesikia kwamba unakuja, hataki kukuona.' Nikasema ana haki."

"Sikufunga kwa ajili yako."

"Kwa ajili ya nani?"

"Mtaa. Nilikuwa peke yangu na viti saba, mlichelewa, kila mtu ananitazama." Sauti ya Gonda ilikuwa inavunjika, hakuizuia. "Nilisikia nyayo zenu, Roelina. Nilidhani ni jirani. Nikashika pumzi."

Roelina aliweka uma chini. Alijifuta macho kwa kitambaa cha kifuani, kwanza moja, kisha la pili, akapenga kamasi humo humo.

"Lile shairi," alisema. "Nilifikiri litakuamsha. Nilifikiri ukikasirika utaandika. Halafu ulipoanza kusoma, nikajua nimefanya unyama. Niliahidi, nikakuuza kwa vina vinne."

"Vilikuwa vina vizuri."

"Vilikuwa vizuri, ndiyo. Ndio ubaya wenyewe." Akashusha pumzi. "Na kitabu?"

Neno lilikuwa tayari mdomoni, lilikuwa limekaa hapo miaka mingi. Gonda akalifungulia mdomo, kisha akaacha.

"Hakuna kitabu," alisema. "Hakijakuwepo. Napiga mashine dirishani ili wapita njia waone. Naandika bei ya karoti."

Ilikuwa mara ya pili kulisema maishani mwake, na kwa mtu yule yule. Alingoja Roelina ashangae, au amwonee huruma, na alikuwa amejikaza kwa lolote kati ya hayo.

"Tunajua," Roelina alisema kwa upole.

"Nani mnajua?"

"Sote. Evert anajua. Lubbers alijua, Mungu amrehemu, alijua kabla ya lile shairi, aliniuliza mwenyewe kama unalala vizuri. Mtu anayeandika kitabu analalamika, Gonda. Wewe hukuwa unalalamika kamwe."

"Na mlikuwa mnakuja tu? Kila Alhamisi?"

"Sasa tungekwenda wapi?" Roelina alisema. "Tulikuwa tunakuja kwako, si kwa kitabu. Mpaka ukafunga mlango tukaendelea watatu, kisha wawili, na Evert hana la kusema ila madaraja. Kula, kinapoa."

Gonda akashika uma. Miaka yote ile alikuwa amelinda kitu ambacho hakikuwa siri, dhidi ya watu waliokuwa wanamtaka bila hicho kitu. Alitazama masanduku, akatazama mikono ya rafiki yake juu ya meza, iliyojaa madoa ya uzee, na alitaka kusema mengi sana, yote kwa pamoja, ya miaka yote. Lakini ilikuwa saa ya chakula, na mgeni wa saa ya chakula akimaliza huaga.

Akakikata kiazi vipande vidogo, kisha vidogo zaidi, akala polepole sana.